Stara si kuficha: kijana wa Mombasa anaposema ana mawazo

Kijana mmoja wa mtaani kwetu, Kisauni, alizoea kuamka na mamake saa kumi alfajiri. Mama hukanda unga wa mahamri usiku akauacha uumuke. Alfajiri kijana husukuma madonge na kukata, na mafuta yakishika moto yeye ndiye hugeuza. Mwaka aliomaliza kidato cha nne, akaacha kuamka. Kwanza siku mojamoja, kisha wiki nzima. Mamake akasema ni uvivu wa watoto wa simu. Kijana akalalamika kwamba kichwa kinawaka moto na moyo unaenda mbio. Akapelekwa zahanati akapimwa malaria, haikuonekana. Akapewa dawa za taifodi, hazikusaidia. Mjomba akanusa shati lake akitafuta harufu ya bangi. Shangazi akashauri aozeshwe, labda akili itatulia. Ustadhi akamwandikia kombe: aya kwa wino wa zafarani juu ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi na maji, naye akanywa huku mamake amemshikia sahani kwa mikono miwili lisimwagike hata tone.

Muda wote huo, kila alipoulizwa ana nini, kijana alijibu neno lile lile. "Nina mawazo tu."

Hakuna mtu katika nyumba ile aliyekosa mapenzi. Mama, mjomba, shangazi, ustadhi, wote walimtaka apone. Ila kila mmoja alilisikia neno "mawazo" kwa sikio lake, akamfungulia mlango aliouzoea. Nataka kulifungua neno lenyewe kwanza, kwa sababu katika nyumba nyingi za Mombasa ugonjwa wa akili hupita mdomoni mwa mgonjwa miezi mingi kabla haujafika kwa daktari.

Neno moja, maradhi mengi

Mtu mwenye deni ana mawazo. Aliyeachwa na mchumba ana mawazo. Anayesikia sauti ya mtu asiyeonekana ikimtukana usiku, naye pia atakwambia ana mawazo, kwa kuwa ndilo neno lisilomtia aibu. Wenzetu wa Zimbabwe wana neno la Kishona, kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi. Daktari Dixon Chibanda alilichukua neno hilo kama lilivyo alipoanza kazi yake Mbare, Harare, mwaka 2006, akiwa na nyanya 14 wa mtaani. Akawafundisha kukaa kwenye benchi na mgonjwa, kumsikiliza, kisha kuchagua naye tatizo moja la kulitatua kwanza. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na nyanya hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Hawakumwambia mtu "una ugonjwa wa akili." Walianza na neno alilokuja nalo.

Sisi Waswahili tuna maneno mengi zaidi ya hilo, na tumeyaacha yakae sandukuni. Kihoro ni ule mshtuko wa huzuni unaompata mtu kwa msiba au hasara ya ghafla. Jitimai na simanzi ni huzuni iliyotulia, yenye sababu inayojulikana. Wasiwasi ni moyo kutotua. Mtu anarudi mara tano kuangalia kama amefunga mlango, au anarudia udhu hadi jamaa wamemaliza swala. Wahka ni roho kuwa juu juu, mtu akingoja baya asilolijua. Sonona ni kuumia ndani kwa ndani, na ndilo neno ambalo wataalamu wamelichagua kwa ule ugonjwa wa huzuni unaomnyang'anya mtu raha, usingizi, hamu ya kula na nguvu za kuinuka kitandani.

Tofauti kati ya huzuni yenye sababu na huzuni isiyo na sababu inayoonekana si jambo lililoletwa na hospitali za kizungu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kuhusu afya ya mwili na ya nafsi pamoja, akaeleza kwamba kuna huzuni inayofuata msiba na kuna nyingine inayotoka mwilini, ambayo mwenyewe hawezi kusema imeanzia wapi. Hii ya pili alishauri itibiwe kama maradhi ya mwili. Kwa anayedhani dini na tiba ya nafsi hazikai chumba kimoja, zimekaa pamoja zaidi ya miaka elfu moja.

Basi mzazi atajuaje kama mawazo ya mwanawe ni ya kupita au ni sonona? Wahudumu wa afya hutumia karatasi ya maswali tisa. Huuliza kuhusu wiki mbili zilizopita: umekosa hamu ya mambo uliyoyapenda? Umelala vibaya, au umelala kupita kiasi? Umejiona huna thamani? Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3, jumla 27, na kuanzia 10 kwenda juu mhudumu huhitaji kuchunguza zaidi. Wiki mbili zimewekwa kwa sababu huzuni ya kawaida huja na kupoa. Mtu anaweza kulia asubuhi, jioni akacheka barazani na wenzake. Sonona haipoi kwa urahisi hivyo, na hula kazi za mtu: masomo, swala, kuoga, kusukuma mahamri.

Kwa vijana kuna mtego ambao wazazi wengi huangukia. Sonona ya barobaro mara nyingi haivai sura ya machozi, huvaa hasira. Mtoto mpole anaanza kujibu vibaya, anabamiza milango, anagombana na ndugu zake kwa kijiko. Au huvaa maumivu ya mwili: kichwa, tumbo, kifua kubana. Ndiyo maana kijana wa Kisauni alipimwa malaria. Hakuwa akidanganya, kichwa kilimuuma kweli. Mwili na nafsi vinatumia mishipa ile ile.

Wala si mtoto wa jirani peke yake. Utafiti wa kitaifa wa Kenya uliotolewa 2022 kuhusu vijana wa miaka 10 hadi 17 ulikuta kwamba takriban asilimia 44 walikuwa wamepata tatizo la afya ya akili katika miezi 12 iliyotangulia, na kama asilimia 12 walikuwa na ugonjwa uliotimiza vigezo vya kitabibu. Kati ya wenye matatizo, waliopata huduma yoyote walikuwa asilimia 11 hivi. Ukiwaweka watoto kumi wenye shida kwenye baraza, mmoja tu ndiye aliyepata wa kumsikiliza kitaalamu.

Mombasa si nyumba moja

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti yetu, ndani ya maeneo sita: Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu. Ukimzungumzia "kijana wa Mombasa" kama mtu mmoja, umeshampoteza.

Msichana wa Mji wa Kale hana pa kulilia, kwa kuwa nyumba imejaa na dari ina masikio; akifunga mlango wataulizana ana nani kwenye simu. Kijana wa Kidigo Likoni, akianza kusema peke yake, familia itamtafutia kwanza mganga, kisha mwingine, na kila mmoja atatoza. Kijana wa Changamwe ambaye wazazi wake walitoka bara, yeye amezaliwa hapa lakini kila akigombana na mtu anaulizwa kwao ni wapi. Kijana kiziwi anakwenda zahanati na mamake kama mkalimani, na mambo mengine hawezi kuyasema mbele ya mamake. Familia ya wakimbizi isiyo na vitambulisho huogopa kuandikisha jina popote.

Kuna watoto ninaotaka kukaa nao kidogo zaidi, kwa sababu wamejaa katika kila mtaa na sisi tumewazoea mpaka hatuwaoni. Ni wale ambao mama zao wako Ghuba wakifanya kazi za nyumbani. Wamebaki na nyanya. Pesa inakuja, viatu vya shule vipo, na mama anaonekana kwenye simu Ijumaa. Mtoto wa miaka saba hupiga simu na kulia. Wa miaka kumi na mitatu huacha kuja kwenye simu. Anasema yuko na kazi ya shule. Nyanya anamsifu kwamba amekua, hasumbui tena. Mimi kimya cha namna hiyo hunitisha kuliko kilio. Mtoto aliyeacha kumsumbua mamake huenda ameacha kutarajia jambo, na mama wa mbali, naye amebeba mzigo wake, anapewa habari kwamba mambo ni shwari.

Kuna na akina baba. Tangu treni ya SGR, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, ianze safari 2017, na hasa shehena zilipoelekezwa bara kwa reli, wengi waliokula kwa malori, maghala na gereji walikosa riziki. Baba aliyekuwa akirudi na mkate na kuulizia ripoti ya shule akawa anashinda maskani kukwepa macho ya watoto. Huwezi kumtibu kijana wa nyumba hiyo ukamsahau baba. Wahudumu wazuri huuliza: nyumbani nani mwingine halali usiku?

Stara na kuficha

Sasa nije kwenye kitu kinachotufunga mikono. Katika Mombasa yetu stara ni heshima kubwa. Mtu mwenye stara haaniki ya nyumbani kwake, na la mwenziwe akilijua hulifunika. Napenda malezi hayo na nitawalea wangu hivyo. Ila naona tumechanganya mambo mawili. Kusitiri ni kumlinda mgonjwa asidharauliwe. Kuficha ni kuilinda sifa ya nyumba, hata mgonjwa akiangamia chumba cha nyuma. Ukitaka kujua unafanya lipi, jiulize anayelindwa ni nani. Mama anayempeleka mwanawe kliniki bila kumtangazia mtaa, amesitiri. Familia inayomfungia binti ndani miaka miwili ili posa za dada zake zisiharibike, imeficha. Na wazee walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Maradhi yanayofichwa sana ni yale ambayo madaktari huita saikosisi: kusikia sauti, kuamini watu wanakufuatilia, maneno kukosa mpangilio. Mara nyingi huanza mwishoni mwa miaka ya ujana au mwanzoni mwa miaka ya ishirini, pale pale kijana anapotarajiwa kuanza kazi au kuoa. Wengi wetu huliita jini. Sitaki kubishana na mtu kuhusu majini, Qur'ani imewataja. Ninachosema ni kwamba si kila sauti ni jini, na kadiri saikosisi inavyokaa bila dawa ndivyo kupona kunavyokuwa kugumu. Mwezi wa kwanza una thamani kuliko mwaka wa tatu.

Kisomo hakimzuii mtu kumeza kidonge. Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema katika Hadithi iliyomo Sahih Bukhari kwamba Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia tiba. Mchungaji naye anaweza kuombea na kisha akampandisha muumini wake tuktuk kwenda hospitali. Hatari inaanza pale tiba ya kiroho inapodai iwe peke yake. Mgonjwa anafungwa kamba, anachapwa ili pepo atoke, ananyimwa chakula au anaambiwa aache dawa. Hapo si tiba tena, ni mateso, na familia ina haki ya kumtoa siku hiyo hiyo.

Kuhusu dawa zenyewe, watu husema "zinamfanya zezeta." Kweli, baadhi huleta usingizi, mikono kutetemeka au uzito kuongezeka, na mgonjwa ana haki ya kumwambia daktari abadilishe au apunguze. Kosa ni kuziacha kimyakimya siku mgonjwa anapopata nafuu. Nafuu ile mara nyingi inashikiliwa na dawa.

Muguka, unga, na kipi kilianza

Mei 2024 Gavana Abdulswamad Shariff Nassir alipiga marufuku muguka, majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, hapa Mombasa, kaunti nyingine za Pwani zikafuata, kisha mahakama ya Embu, unakolimwa, ikasimamisha marufuku. Mabishano yalikuwa ya biashara na mamlaka. Mzazi ana swali lake: ni muguka uliomharibu mwanangu, au alikuwa ameshaharibikiwa akaufuata?

Mara nyingi jibu ni yote mawili. Muguka huchangamsha ubongo na kufukuza usingizi. Kijana mwenye sonona huupata kama nguvu za kukopa: leo anaongea, anacheka maskani, kesho deni linadaiwa, yuko chini zaidi. Asiyelala siku tatu huanza kuona na kusikia visivyokuwepo hata kama alikuwa mzima. Kwa hiyo kumtoa kijana kwenye muguka, au kwenye unga wa heroini, bila kuuliza alikuwa akikimbia nini, ni kufagia maji huku bomba li wazi. Kwa wa heroini, Kisauni kuna kliniki ya methadoni, dawa inayoshika nafasi ya heroini, ambayo mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Teja naye ni mtoto wa mtu, na kuna waliorudi kazini kwa njia hiyo.

Neno gumu

Lazima nilitaje la kujiua, kwa kuwa kulinyamazia hakujamwokoa mtu. Wazazi huogopa kwamba kumuuliza kijana ni kumpa wazo. Sivyo. Kumuuliza waziwazi, kwa sauti ya kawaida, "Umefikia hali ya kutotaka kuishi?" humpa nafasi ya kuutua mzigo. Akijibu ndiyo, usimhubirie wala usimuahidi kwamba utaiweka siri. Kaa naye, ondoa vitu vya hatari karibu naye, tafuta msaada siku hiyo.

Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, adhabu ikifika kifungo cha miaka miwili, na familia zikaogopa kumpeleka hospitali. Januari 9, 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mweleze na shangazi yako hili, maana wengi bado wanaogopa polisi. Simu za bure zipo: 1199 ya Msalaba Mwekundu kwa msaada wa kisaikolojia, 116 kwa watoto, na 1192 ya NACADA kwa wanaosumbuliwa na mihadarati.

Aende wapi, na nani akae naye

Sheria ya afya ya akili iliyofanyiwa marekebisho 2022 inazitaka serikali za kaunti kutoa huduma hii, kwa kuwa afya imegatuliwa. Mombasa, hospitali ya Port Reitz ina kitengo cha afya ya akili, na hospitali kuu ya Pwani pale Makadara nayo huwaona wagonjwa. Si lazima kuanza huko. Zahanati ya mtaa yaweza kukuandikia barua ya rufaa, na ukisema wazi "sikuja kwa malaria, nimekuja kwa sababu mwanangu hapati usingizi wala hali chakula, wiki ya tatu sasa" utaokoa miezi.

Wataalamu ni wachache, foleni ni ndefu. Hapo ndipo ninapotiwa moyo na vijana wenyewe. Utafiti uliochapishwa 2021, uliofanywa na kundi la Shamiri kwa wanafunzi 413 wa sekondari Nairobi na Kiambu, uliwatumia viongozi vijana waliopewa mafunzo mafupi. Vikao vinne tu, vya kuzungumzia kukua, kushukuru na yale mtu anayoyathamini, vilipunguza dalili za sonona na wasiwasi, na nafuu ilionekana hata miezi saba baadaye. Hakuna kinachozuia madrasa, vikundi vya vijana vya kanisa na timu za mpira za Kongowea na Bombolulu kufanya mfano wake, mradi wawe na mtu wa kumpelekea aliyezidiwa.

Nyumbani, kazi ya familia ni ndogo ndogo. Kijana alale saa ile ile kila siku. Apewe kazi moja anayoiweza, si kumi. Asiozeshwe kama dawa. Atakayeolewa naye si bandeji. Na mama apate mtu wa kupokezana naye, kwa sababu anayekesha na mgonjwa naye huugua, kimya kimya.

Yule kijana hatimaye alipelekwa Port Reitz. Ni ustadhi aliyeandika kombe ndiye aliyemwambia mama, mara ya tatu aliporudi na sahani, "Mama, mimi nitaendelea kumsomea. Lakini kesho mpeleke kwa daktari." Wakapanda matatu mbili. Ilichukua wiki tano au sita kabla nafuu haijaonekana, na mamake alitaka kukata tamaa wiki ya nne. Siku hizi akipita msikitini ustadhi humuuliza kwanza daktari amesema nini, ndipo amsomee. Alfajiri mwanga wa jikoni kwao unaonekana dirishani. Siku nyingine ni mama peke yake. Siku nyingine ni wawili.